Dakika Hamsini Tu

Jumapili, 2 Juni

Kaka ameondoka. Alikuja jana asubuhi, ameondoka leo mchana, na nyumba bado inanguruma.

Niandike kwa mpangilio, maana kichwa kimejaa.

Tulikuwa tumemaliza kula. Kaka akasogeza sahani, akafuta mdomo, akasema amefikiri sana na ameamua: Baba ahamie kwake. Nyumba yake ni ya chini, haina ngazi hata moja. Hospitali iko ng'ambo ya barabara. Wifi anashinda nyumbani. Hapa je? Ngazi hamsini na nne kutoka barabarani hadi paani, Baba anaburuta mguu wa kulia tangu kiharusi cha mwaka jana, na mimi kutwa niko maabara ya shule naosha chupa za watoto wa watu. "Akianguka saa nne asubuhi, wewe utajua saa kumi jioni." Ni kweli. Ndiyo maana inauma.

Nikasema tu: ni mbali.

Akacheka. Mbali? "Dakika hamsini tu, mdogo wangu! Tia vitunguu kwenye mafuta huku, panda ndege, unatua kule havijaungua." Alisema hiyo "dakika hamsini" mara tatu, kila mara akigonga meza kwa kidole.

Na njiwa wa Baba wa paani? Wagawiwe watu. Mtaani kwake hawaruhusu kufuga.

Baba alikuwa ameinamisha kichwa mezani kama anayesinzia. Siku hizi maneno yake hutoka moja moja, kama watu wanaopita mlango mwembamba. Akasema: "Karani."

Tukatazamana. Karani ni njiwa wake dume, yule wa kijivu anayetembea kifua mbele kama karani wa mahakama aliyekumbatia faili. Nikadhani Baba ametutoka kidogo. Wapi! Alikuwa ametutangulia. Neno kwa neno akatoa hoja yake: dakika hamsini? Haya. Wewe na Karani, kutoka mlangoni kwako hadi paani kwangu. Karani akitangulia, sihami. Wewe ukitangulia, nafunga mzigo siku hiyohiyo.

Kaka alicheka mpaka akashika mbavu. "Baba! Injini mbili zishindane na kitu cha kula mtama?" Kisha akaona Baba hacheki. Akanyoosha mkono. Wakapeana wa kushoto, maana wa kulia wa Baba haushiki.

Mwamuzi ni mimi. Mimi! Masharti nimeyaandika kwenye karatasi, wote wametia sahihi (ya Baba imelala kama mlevi). Jumamosi tarehe 29 — Baba ndiye aliyetaja tarehe, haraka, bila kuulizwa. Saa mbili asubuhi Kaka anamfungulia Karani kikapu mlangoni kwake, na hapohapo naye anaanza safari. Kaka amefika akikanyaga paa. Karani amefika akiingia bandani kwa kimlango chake. Akitua paani au kwenye tangi la jirani, haihesabiki. Hilo Baba amelishikilia tangu tukiwa watoto: kutua si kufika.

Jumanne, 4 Juni

Nimepiga hesabu. Afadhali nisingepiga.

Umbali kati ya miji miwili: kilomita 412. Nimemuuliza Dereva, jirani yetu wa chini, anayeendesha basi la njia hiyo mwaka wa tisa huu. "Dada, mia nne na kumi na mbili. Nimezihesabu kwa matako yangu mwenyewe." Baba anasema njiwa mzuri ana kilomita sabini kwa saa. 412 gawanya kwa 70: saa tano na dakika hamsini na tatu. Akiachiwa saa mbili asubuhi, Karani anaingia bandani saa saba na dakika 53 mchana.

Sasa Kaka. Nimepiga simu ofisi ya ndege. Jumamosi asubuhi kuna moja tu, inaruka saa tano kamili. Abiria awe uwanjani saa mbili kabla. Angani dakika hamsini, kweli. Anatua saa sita kasoro kumi. Kushuka na kutoka, robo saa. Teksi hadi kwetu, dakika 45. Yaani saa saba kasoro dakika kumi mguu wake uko paani.

Kwa hiyo safari ya dakika hamsini ni ya saa nne na dakika hamsini. Vitunguu vimekuwa mkaa, na sufuria nayo imetoboka! Hilo nimelifurahia kwa muda wa kama dakika moja.

Maana bado anatushinda. Kwa saa nzima na ushei.

Sikumwambia Baba. Nilimkuta paani amekaa kwenye kiti chake, kopo la mahindi mapajani. Zamani alikuwa akipiga mluzi, mrefu mmoja na mifupi miwili, na njiwa wote wanaingia kama wanafunzi waliosikia kengele. Tangu mdomo upinde upande mmoja, mluzi hautoki. Hutoka upepo tu. Mimi sikujaliwa kupiga mluzi. Ndipo likaja kopo la kutikisa.

Jumatano, 5 Juni

Mimi ni mpumbavu! Mpumbavu mwenye furaha!

Saa ya mapumziko nilikuwa na karatasi yangu ya hesabu mezani, nimeitumbulia macho. Mwalimu wa jiografia akaja kuazima mizani, akachungulia. Akauliza hii 412 ni ya nini. Nikamweleza yote. Akanitazama kwa huruma ambayo huwa anawawekea wanaoshika mkia.

"Huyo njiwa wako anapanda basi? Akifika njiani anashuka kula?"

Barabara! 412 ni barabara! Inazunguka milima, inapita daraja, inarudi nyuma kutafuta miji midogo. Nyumba nzima tumeishi na namba ya Dereva miaka yote hii, hakuna aliyejiuliza kama njiwa anakata kona.

Tumeishusha ramani kubwa ya ukutani, tukailaza sakafuni. Uzi mwekundu kutoka mji hadi mji, tumeuvuta ukanyooka. Rula. Sentimita 10 na milimita 2. Kila sentimita ni kilomita thelathini. 306!

306 kwa 70 — saa nne na dakika 22. Karani anaingia saa sita na dakika 22. Kaka saa saba kasoro kumi. Tunamshinda kwa dakika 28!

Niliruka. Nimevunja bika moja, ile bilauri ya maabara. Nimeiandika kwenye daftari la vilivyovunjika, na pale kwenye "sababu" nimeandika: furaha. Mkuu wa shule atauliza. Aulize.

Jioni nimempelekea Baba ule uzi. Ameushika kwa kidole gumba na cha shahada, akaupima kwa jicho. "Nilikuwa nangoja," alisema. Alijua! Alijua tangu Jumapili, akaniacha nikose usingizi siku mbili. Namuuliza kwa nini hakusema. "Mwamuzi ni wewe, mama."

Alhamisi, 6 Juni

Na ile tarehe nayo si ya bahati nasibu. Leo nimesafisha banda nikamkuta Karani amekalia mayai mawili. La kwanza la tarehe mosi, la pili la tarehe tatu. Yai la njiwa huanguliwa kabla ya wiki tatu. Kufikia tarehe 29 kutakuwa na kinda wa kama wiki moja bandani, na baba mwenye kinda wa wiki moja, asema Baba, "hasimami kusalimia mtu."

Kumbe Jumapili ile tukidhani Mzee anasinzia mezani, alikuwa anahesabu mayai.

Jumamosi, 8 Juni

Jaribio la kwanza. Dereva amembeba Karani kwenye kikapu, amemweka pembeni ya usukani kama abiria wa heshima. Amesimamisha basi kwenye kituo nilichomwekea alama, kilomita 41 kwa uzi. Amefungua, amepiga simu: "Karani ametoka ofisini!" Nyuma nilisikia abiria wanashangilia, na mama mmoja analalamika kuwa anachelewa msibani.

Dakika 36. Akatua, akaingia palepale, hata bila kopo. Nimegawa: kilomita 68 kwa saa. Baba amesema "mm". Kwa Baba hiyo ni hotuba.

Jumamosi, 15 Juni

Kilomita 98. Saa moja na dakika 27. Anaingia bandani kama mtu aliyeacha maziwa jikoni!

Dereva anasema sasa abiria wanamuuliza kituoni, leo Karani yupo? Wengine wanachagua basi lake kwa ajili hiyo.

Jumapili, 16 Juni

Wifi amepiga. Tumeongea karibu nusu saa, kwanza ya watoto, kisha ya mguu wa Baba, kisha akashusha sauti. Anasema Kaka ameshamtayarishia Baba chumba. Amepaka rangi mwenyewe, ametia chuma cha kushikia bafuni. Amepima urefu wa kitanda ili miguu ifike chini. "Wifi, usimwone anacheka. Tangu Mzee augue anaamka anakaa kitandani anatazama simu. Anaogopa simu yako."

Sikulijua hilo. Mimi nilidhani ni amri tu za mkubwa.

Nimeandika mambo mengi humu kuhusu dakika. Niandike na hili. Baba akihama, nitabaki na vyumba viwili na mlango wa paa usio na kazi. Nami pia naogopa ile simu. Ninapotoka shuleni hupanda ngazi kumi za kwanza nikiwa nimebana pumzi, mpaka nisikie kopo.

Lakini Baba hakuugua paani. Aliugua chini, kwenye foleni ya kulipia maji. Kila asubuhi anapanda ngazi za mwisho kumi na mbili kwa sababu kuna vinywa vinamngoja. Akiwa kwenye nyumba isiyo na ngazi, atapanda nini?

Ijumaa, 21 Juni

Kinda ametoka! Mmoja tu, yai la pili limeharibika. Kipofu, ana manyoya ya njano kama uzi wa mahindi, mdomo mkubwa kuliko akili. Karani anamlisha kwa fujo. Baba ameomba nimweke kwenye mkono wake wa kulia, ule usioshika. Amekaa naye hivyo kama dakika mbili. Kidole cha mwisho kimetikisika. Nimeona! Nimemwambia. Amesema ni kinda aliyetikisika.

Jumamosi, 22 Juni

Kilomita 181. Nilimtegemea baada ya saa mbili na dakika 35. Hakuja.

Saa tatu zikapita. Hakuja. Zikawa nne. Baba hakunywa hata maji.

Baada ya saa nne na dakika 40 akaanguka paani, si kutua — kuanguka. Manyoya matatu ya mkia hayapo, na damu kidogo. Mwewe.

Na bado aliingia kwa kimlango chake. Kwa miguu.

Jumapili, 23 Juni

Nilitaka tumpigie Kaka tuahirishe. Baba amekataa. Amemlaza Karani kifuani, akalikunjua bawa moja, akalikunjua la pili, taratibu, kwa mkono mmoja, kama mtu anayesoma gazeti kwenye upepo. Unyoya kwa unyoya. Yote mazima.

"Mkia ni usukani," alisema. Akapumzika. "Si injini."

Dereva alikuwepo. Akasema yeye ameshaendesha basi bila usukani wa maana miaka mitatu na abiria hawakujua. Baba alicheka! Cheko la upande mmoja, lakini cheko.

Nimeongeza dakika kumi na tano kwenye hesabu kwa ajili ya mkia. Saa sita na dakika 37. Bado tunashinda, kwa dakika 13. Nyembamba. Nyembamba lakini ipo.

Alhamisi, 27 Juni

Karani ameondoka na basi la alfajiri. Kikapu kipya, nyasi, kibakuli cha maji kimefungwa kwa waya kisimwagike. Baba aliteremka hadi barabarani kumsindikiza. Ngazi zote hamsini na nne! Kupanda tena kumetuchukua dakika 26, na katikati alikaa kwenye ngazi akacheka peke yake. Nikauliza nini. "Kaka yako angeniona."

Jioni Dereva amepiga: amemkabidhi mkono kwa mkono. Kaka alikuwa akingoja kituoni kabla basi halijaingia. Alikuwa amekuja na mtama mfukoni.

Ijumaa, 28 Juni

Siwezi kukaa. Nimefagia paa mara mbili.

Mambo yote yako tayari. Kalamu mbili, daftari hili. Simu imejaa chaji. Kiti changu nyuma ya banda, mahali Karani asiponiona. Na ushahidi! Nimeazima saa kubwa ya maabara, ya duara, ya kioo, yenye ukingo wa chuma unaong'aa. Nimeitundika juu ya kimlango cha banda, sawia kabisa, ili asije mtu akabishana. Kaka akifika ataona mwenyewe, Baba ataona mwenyewe. Dereva ameisifu: "Sasa ndiyo imekuwa kama mashindano ya dunia."

Baba alikuwa analala nilipoitundika. Ataiona asubuhi.

Kesho!

Jumamosi, 29 Juni

Saa 1:30. Mawingu membamba. Upepo kidogo, unatoka huku kuelekea kule, yaani unampiga Karani usoni. Siupendi.

1:45. Baba amefika paani. Ameitazama saa ya maabara. "Hiyo nini?" Nimesema ushahidi. Ameitazama tena, kisha akanitazama mimi, nilivyovaa nguo ya kutokea na kalamu sikioni. Amesema "haya". Amekaa.

2:02. Ujumbe wa Wifi: Karani ametoka! Amechelewa dakika mbili kwa sababu Kaka alisimama uani na kikapu anampigia Karani ule mluzi wa Baba. "Kama mtoto, wifi. Nikamwambia, unachelewa! Akafungua, akabaki anatazama juu. Nikamsukuma kwenye teksi."

Nimeandika 2:02 kwa wote wawili. Haki ni haki.

3:05. Ujumbe wa Kaka: "Niko uwanjani. Foleni mpaka nje. Karani yuko wapi?" Nimejibu: angani, hana foleni.

3:50. Kaka: "Wamenivua mkanda na viatu." Nimemsomea Baba. Ameomba nisome tena.

4:30. Kinda analia njaa. Mama yake anamlisha.

5:00. Ndege iruke sasa.

5:18. Kaka: "Bado tumekaa ndani, haijatembea. Eti dakika chache." Dakika chache! Karibu katika ulimwengu wetu, Kaka.

5:24. "Tunaruka. Nazima." Haya. Sasa wote wawili wako juu. Sijui kama Kaka atampita hapo kwenye mawingu. Kwa hesabu yangu Karani amebakiwa na kama kilomita 70, na Kaka na zote 306.

6:00. Baba amesimama. Ameshika ukuta.

6:14. "Nimetua!!" Alama mbili za mshangao. Sikumsomea Baba mara moja. Kisha nikamsomea.

6:22. Muda wa kwanza umepita. Hakuna kitu.

6:30. Hakuna kitu. Kunguru.

6:37. Muda wangu wa pili. Hakuna. Dereva amepanda kuuliza, ameona nyuso zetu, ameteremka. Amesema atangoja mlangoni chini.

6:44. Kaka: "Niko kwenye teksi. Barabara nyeupe leo, hakuna magari." Jumamosi! Nilipima teksi ya siku ya kazi! Nimelisahau hilo kwenye hesabu. Dakika 45 si 45.

6:49. Sasa Baba anatazama upande mmoja tu, hapepesi.

6:52. YULE!

Yule, yule, juu ya paa la shule ya chekechea, anapepea vibaya, anayumba, mkia haupo — Karani! Ametua kwenye tangi la jirani. Saa nne na dakika hamsini! Amekuja! Baba ameachia ukuta. Anatikisa kopo.

6:54. Hajaingia. Yuko kwenye tangi. Anageuza kichwa, jicho hili, jicho lile. Mkia haujawahi kumzuia, kwa nini haingii? Kinda analia, anamsikia.

6:55. Ameruka hadi kwenye ukuta wa paa. Hatua tano kutoka mlangoni. Ameinama aingie — amerudi nyuma. Tena. Amerudi nyuma.

6:56. Baba amenyoosha kidole. "Kioo." Jua la adhuhuri liko juu kabisa, linapiga saa ya maabara, na saa inamulika kama jicho la kitu kikubwa juu ya mlango wake. Hajawahi kuiona. Ametoka kwenye kucha za mwewe wiki iliyopita, kisha anarudi kwake anakuta jicho.

Ni mimi. Ni saa yangu. Nimeileta kumpimia, nayo ndiyo inayomchelewesha.

6:58. Nimeinuka niiondoe. Akaruka! Akazunguka mara moja, akarudi ukutani, mbali zaidi. Baba amenikemea kupitia meno: kaa! Nimekaa. Naandika bila kuinua kiwiko. Hakuna wa kusogea.

6:59. Kopo. Kopo halimtoshi. Baba ameweka kopo chini. Anakunja midomo. Upepo tu. Anajaribu tena. Upepo. Machozi yanamtoka upande mmoja, au ni jua.

7:01. Honi barabarani. Mlango wa teksi.

7:02. Nasikia Dereva chini: Karibu sana! Habari za safari? Habari za huko? Shemeji hajambo? Watoto je, yule mdogo ameota meno? Na mkubwa, shule anaendeleaje? Na hali ya hewa kule? Kaka anajibu anacheka, anajibu anahema, anasema ndugu yangu niache nipite. Dereva: na majirani nao wazima? Mungu akubariki Dereva.

7:03. Amepita.

7:04. Viatu kwenye ngazi. Anazirukia mbilimbili. Ghorofa ya kwanza. Karani amesikia, amesimama wima.

Ghorofa ya pili.

Baba hageuki. Anamtazama Karani tu. Karani anamtazama kinda asiyeonekana.

Ghorofa ya tatu. Arobaini na mbili. Sasa zile kumi na mbili za mwisho. Akichomoza ghafla mlangoni, Karani anaruka, na yeye amekanyaga, na imekwisha. Arobaini na nane. Hamsini.

Hamsini na mbili. Hatua zimesimama.

Mlango wa paa uko wazi. Namwona hadi kifuani. Anahema, shati limeloa. Amemwona Baba na mdomo wake uliokunjwa usiotoa sauti. Amemwona Karani ukutani. Ameiona saa. Ameielewa yote kwa mara moja, naona usoni. Zimebaki ngazi mbili.

Hapandi.

Ameteremsha begi, polepole, limekaa bila sauti. Ananitazama. Nimeshika kalamu, siwezi kusema kitu, mimi ni mwamuzi.

7:06. Analamba midomo. Anaikunja. Mrefu mmoja —